Kimeng'enya Kwenye Friza ya Barafu za Ubuyu

Jumamosi ile nilikuwa mlinzi wa friza, bila buti wala filimbi.

Friza ni ya mama, anauzia barafu za ubuyu hapa Nzuguni. Ijumaa friza ya maabara ya chuo anakosoma dada yangu iliharibika, akaja nyumbani na kichupa kidogo kuliko kidole changu cha mwisho, akakifukia katikati ya barafu. Ndani yake mlikuwa na kimeng'enya. Wataalamu walichukua jeni ya bakteria mmoja, wakaipandikiza kwa bakteria mwingine, huyo akageuka kiwanda cha kutengeneza kimeng'enya hicho, protini ya kubomoa kuta za vijidudu. Dada anataka kuijaribu kwa vijidudu anavyovipata kwenye maziwa ya mbuzi.

"Yaani bakteria anawatengenezea wenzake bomu," nikasema. "Msaliti kama monita wetu."

Dada hakucheka. "Kikipata joto kinakufa. Msimamizi wangu ameshasema hakuna kingine. Kikifa, mwaka huu simalizi."

Asubuhi akaenda Mvumi kuchukua maziwa. Hata vumbi la bodaboda yake halijatulia, umeme ukakatika.

Mama akataka kuuza barafu kabla hazijawa juisi. "Mama, barafu ndizo zinazokipoza," nikamwambia. "Ukiziuza, umemuuza dada." Akanitazama kama ananipima kofi, kisha akaenda kukalia mfuniko yeye mwenyewe.

Mtaani kwetu mwenye friza anatunza nyama za wote. Mama wa nyumba ya pili akaja kufuata maini yake.

"Shikamoo mama. Maini yako yamelala, usiyaamshe."

"Marahaba. Mtoto wewe, nina wageni!"

"Wape mlenda."

Mama akanifinya, ila hakunyanyuka. "Jirani yangu, nivumilie. Leo sifungui."

Kumnyima mtu nyama yake mwenyewe! Yule mama aliondoka bila kuaga, na kwetu hilo ni zaidi ya tusi.

Mchana bati likaanza kulialia kwa jua. Mama uvumilivu ukamwishia, akafungua kidogo tuchungulie. Barafu zilikuwa ngumu, maini jiwe. Nikakiinua kichupa. Kile kimaji ndani kikatembea taratibu, kama mafuta ya kula.

"Kimeyeyuka," nikasema, na utani wote ukanikauka mdomoni.

Mama, ambaye kwake maisha yote kitu cha baridi ni kile kilichoganda kikagonga meno, alishika kichwa. Tukampigia dada. Hapatikani. Tukapiga tena. Hapatikani. Basi mama akatwanga barafu za maji kwa mchi, akamwagia chumvi viganja kwa viganja ili zizidi baridi, akazijaza kwenye hotpoti. Nikakifunga kichupa kwenye nailoni, tukakizika humo na kuifunika hotpoti mablanketi mawili. Mgonjwa wa malaria hajawahi kufunikwa vile.

Dada alifika jua linazama. Mama hata salamu hakungoja. "Mwanangu, kimeyeyuka."

Dada akakichomoa kichupa, akakimulika kwa simu. "Mama, hiki hakigandi kwenye friza. Wamekichanganya na gliserini."

"Hii ya kupaka?"

"Hiyohiyo. Kikae kwenye baridi kali, lakini kisigande." Akageukia hotpoti. "Humu mmeweka chumvi? Chumvi inaweza kuzidisha baridi mpaka kikaganda. Baridi yake ilikuwa kiasi gani?"

"Ya kung'ata," mama akajibu.

Kipimajoto hatuna. Hakuna aliyejua kama tumekiokoa au tumekimaliza sisi wenyewe.

Jumatatu nilitoka shule moja kwa moja hadi maabara, friza yao ikiwa imeshatengenezwa. Dada alikuwa na bomba la kioo lenye vijidudu, limechafuka kama maji ya kuoshea mchele. Akalisimamisha mbele ya karatasi yenye maandishi, akadondoshea kimeng'enya. Kikiwa hai, kitavibomoa na maji yatang'aa mpaka tusome.

Tukakodoa macho. Weupe tu.

"Ongea basi," dada akasema. "Mbona leo kimya?"

Tukangoja mpaka shingo ikaniuma. Ndipo nikaona kivuli cha herufi, kama mtu nyuma ya pazia, halafu neno zima.

"Kinafanya kazi!" nikaropoka.

"Kimechelewa," akasema dada. "Kimepungua nguvu. Kitanitosha kwa jaribio moja tu. Nikikosea, hakuna kurudia."

Akavaa glavu mpya, akatoa vijidudu vya maziwa ya mbuzi, akanionyesha mlango. "Kakae nje. Na usimchekeshe mtu yeyote humu ndani."

Nikaenda kukaa nje.