Maungamo Aliyoyasikia Mama Mkwe

Nakumbuka, mwanangu, siku ile ya baridi ya msimu wa kahawa kuliko ninavyoikumbuka siku ya ndoa yangu. Nilikuwa kijana, mzaliwa wa Chiwanda kule Ziwa Nyasa, nimeolewa huku juu Ukata kwa Wamatengo. Uchungu wa mimba yangu ya kwanza ulinianza alfajiri. Jua lilipofika utosini nilikuwa bado kwenye kitanda cha zahanati, na mtoto hajatoka.

Nesi wetu alikuwa mgeni, Mwislamu kutoka Tanga, aliyeletwa na serikali. Yeye na wenzake walikuwa katika utafiti: walitaka kujua kwa nini watoto wengine huzaliwa kimya, wasilie. Kwa hiyo aliwasikiliza watoto wakiwa bado tumboni, mara kwa mara, tangu uchungu uanze mpaka mama ajifungue. Chombo chake kilikuwa kibomba cha mbao, mfano wa tarumbeta ndogo: upande mmoja tumboni, upande mwingine sikioni. Wanawake wenzangu walimcheka. "Anampigia mtoto simu," walisema. "Muulize basi kama ni wa kike!" Wengi walimkatalia. Mimi nilimkubalia kwa sababu mikono yake ilikuwa na joto.

Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa Kanisa, rozari haikumtoka mkononi. Lakini alishika pia jambo la zamani ambalo wengi wetu tulilishika: kwamba mtoto akikawia kutoka, basi mama yake amezini, na hatajifungua mpaka amtaje mwanamume.

"Mtaje," aliniambia.

"Mama, sina wa kumtaja."

"Na yule wa usipa? Yule mnayecheka naye kwa lugha yenu mpaka tunawasikia barabarani?"

Alimaanisha mchuuzi aliyepandisha usipa, dagaa wetu wa ziwani, kwa baiskeli. Dhambi yetu ilikuwa Kinyasa. Katika kijiji kizima hakuna mwingine aliyenisalimia kwa lugha ya mama yangu.

Nesi alitega sikio tena, na safari hii hakuinuka upesi. Alipoinuka alisema mapigo ya moyo wa mtoto yanapungua, twende hospitali Mbinga sasa hivi. Gari la kubebea kahawa lilikuwa nje. Mume wangu alisimama mlangoni, akimtazama mama yake.

"Haondoki mpaka aseme," mama mkwe alisema. "Mnataka afie njiani na uongo wake?"

Mwanangu, nilikuwa nimechoka. Usije ukamhukumu mtu aliyechoka namna ile. Nilifungua mdomo nimtaje yule mchuuzi, mtu mwema mwenye mke na watoto, ili tu nipandishwe garini.

Nesi akaniwekea kiganja mdomoni. Akamgeukia mama mkwe bila kupaza sauti.

"Shikamoo, mama. Unataka kusikia? Basi njoo usikie. Hapa wako wawili, na mmoja wao hajawahi kumkosea mtu."

Akampa kile kibomba. Mama mkwe alipiga magoti, akaweka sikio, kama padri anavyoinama kusikiliza maungamo. Nikauona uso wake ukibadilika.

"Anachoka," alinong'ona. "Mjukuu wangu anachoka." Kisha akamfokea mwanawe: "Umesimama nini kama nguzo? Mbebe mkeo!"

Nilipasuliwa jioni ile. Skolastika wangu alichelewa kulia, akachelewa kukaa, akachelewa kutembea, na mpaka leo anavuta mguu. Ni yale mabishano yaliyomponza, au ndivyo ingekuwa tu? Daktari hakusema, nami sikuuliza. Mama mkwe naye hakusema. Ila kila Jumapili alimbeba mtoto yule mgongoni kwenda misani, hata alipokuwa mzito, hata watu walipomwambia, "Bibi, mshushe, atakuvunja." Hakumshusha. Sikuwahi kumdai neno. Namshukuru Mungu kwa mgongo ule.

Juzi nimesikia kwamba hapa hapa kwetu binti mwenye uchungu ameshikiliwa tena ataje mwanamume. Miaka yote hii! Nimechoka, mwanangu, ndiyo maana nasema wazi. Mwanamke mwenye uchungu asiulizwe dhambi zake. Maungamo yana padri wake na siku yake, na Mungu hana haraka. Mwenye haraka ni mtoto. Wakija watu wa utafiti wakaomba kusikiliza moyo wake, waulize wanatafuta nini. Wakikueleza ukaridhika, wakubalie, maana manesi wa leo wamefundishwa na watoto waliosikilizwa jana. Na wewe mume, nesi akisema twende, usitafute uso wa mama yako. Nenda.

Mungu aliyemfahamu Skolastika kabla sijamwona awafungulie njia mama zetu wote, awajalie watoto wanaolia kwa nguvu. Na yeyote atakayesimama mlangoni pa chumba cha kujifungulia, ampe sikio la kusikia. Amina.