Ujumbe Ambao Haukufika Moa

Tahiri Shekhe wa mtaa wa Nguvumali alikuwa fundi wa kompyuta aliyeaminika, na kuaminika huko ndiko kulikomponza. Zahanati moja ya watu binafsi kule Moa ilipotaka kijikompyuta cha kulinda jokofu la chanjo, ilimwita yeye. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kusoma joto la jokofu, na likizidi, kumpelekea ujumbe wa simu muuguzi wa chanjo, Bi Mwanamwema. Tahiri alikifunga asubuhi moja tu. Kwa haraka zake alipakia mfumo endeshi mzima na vikorokoro vyake vyote, hata vya kuchezea video, na mlango wa kuingilia kutoka mbali akauacha na nywila ile ile uliyokuja nayo. Alijiambia, nani atahangaika na jokofu la Moa?

Mwezi wa nne baada ya hapo, siku ya Jumapili, jokofu liliharibika. Ujumbe haukufika. Jumatatu akina mama waliotoka vijijini na watoto migongoni wakarudishwa, na chanjo zote zikatupwa. Bi Mwanamwema aliapa kuwa simu yake ilikuwa wazi kutwa nzima. Hakuna aliyemsadiki. Sadalla, msimamizi wa zahanati, alimtoa chumba cha chanjo akamweka dirisha la kuandikisha wagonjwa, na huko gengeni wakasema mama yule huzima simu apate kulala.

Tahiri aliitwa akague. Alipofungua kumbukumbu za mtambo aliona mara moja: watu asiowajua waliingia humo kupitia mtandao kwa nywila ile, wakakigeuza kijikompyuta punda wa kazi zao, hata kikaelemewa kisiweze kutuma neno. Sadalla alimuuliza kama mtambo ulikuwa na hitilafu. Tahiri akatazama sakafu.

"Mtambo hauna neno," alisema.

Wiki mbili zilizofuata hakushika kazi nyingine. Katika karakana yake ya mtaa wa Usagara aliandika kazi ile upya. Safari hii alichukua programu ya kusoma joto na kutuma ujumbe, akaiunganisha na vipande vichache tu vya mfumo endeshi ilivyovihitaji, vyote vikawa kitu kimoja; mafundi hukiita yunikeneli. Hakikuwa na pa kuandikia amri, wala mlango wa mtu kuingia kutoka mbali. Ukitaka kukibadili, shurti uende mwenyewe ukachomoe kadi ya kumbukumbu kinamokaa, uweke nyingine. Hakujidanganya kuwa hakivunjiki, ila mwizi angekosa pa kushika.

Alipokifunga, Sadalla alimsifu mbele ya wafanyakazi, kwamba fundi ameongeza ulinzi bila hata kuombwa. Bi Mwanamwema naye alipiga makofi, kule kule dirishani. Makofi yale yalimshinda Tahiri. Watu walipotawanyika akamfuata.

"Shikamoo, Bi Mwanamwema."

"Marahaba, mwanangu."

Alimwambia yote, macho chini. Mama aliendelea kupanga kadi za wagonjwa mpaka akamaliza.

"Ulijua lini?"

"Siku ile niliyokuja kukagua."

"Na mimi wiki mbili hizi napita gengeni watu wakinong'ona." Hakupaza sauti, Tahiri angependa apaze. "Usiniombe radhi hapa, tuko wawili tu. Mimi nilivunjiwa heshima mbele za watu. Kaseme mbele za watu."

Alianza na Sadalla. Siku ya kliniki akasimama mbele ya akina mama waliokuwa kwenye mabenchi, akaeleza kwa ulimi mzito kuwa ujumbe haukutumwa kwa uzembe wake yeye, na kwamba alijua akanyamaza. Mmoja wao, Samiha, mtoto akiwa pajani, alimuuliza kama anajua alitembea muda gani siku ile. Hakujua.

"Saa mbili kuja, saa mbili kurudi," Samiha akasema, na kumgeuzia mtoto bega la pili.

Bi Mwanamwema alirudishwa chumba chake. Mtambo waliuacha, kwa kuwa unafanya kazi, lakini kadi yake ya akiba ikakabidhiwa muuguzi, na Tahiri hakuitwa tena Moa. Yupo Usagara hadi leo. Wateja wakimuuliza kwa nini yeye hupakia vitu vichache hivyo, huwaeleza habari za wezi wa mtandaoni. Habari za Bi Mwanamwema hujaribu kuzisema pia, na mara nyingi huishia njiani.