Mpira wa Mstari wa Kushoto

Mzee Balbir alikuwa mwamuzi wa besiboli kwenye kiwanja cha wazi karibu na Kingsbury, kila Jumapili ya kiangazi, tangu kabla sijazaliwa. Alizaliwa Kisumu, akaja London akiwa kijana, akaendesha basi mpaka akastaafu. Mkewe alipofariki, mwanawe alimhamishia Stanmore, kwenye nyumba ambayo mchana haina mtu. Kiswahili alibaki kukiongea na mama yangu tu, Anastasia, ambaye anatunza wazee majumbani mwao na ndiye mwamuzi mwenzake.

Waamuzi pale ni wawili, na kazi wanagawana. Mzee alisimama nyuma ya mpigaji, kwenye kituo cha mwisho kinachoitwa nyumba, Mama katikati ya vituo vingine ambavyo wakimbiaji huvizunguka. Mpira ukipigwa juu kwenda mbali kwenye nyasi, hawaufuati wote wawili. Wakimbiaji wakiwepo vituoni, mipira ya katikati ni ya Mama, na ile inayokwenda kwenye mistari ya chokaa, kushoto na kulia, ni ya Mzee. Anayetoka kuufuata anapaza sauti: "Natoka!" Basi mwenzake hageuki tena. Anabaki na wakimbiaji wote, kwa sababu asipobaki, hakuna anayewaona.

Lakini jicho la kushoto la Mzee lilikuwa limekufa. Presha ya jicho, daktari alisema, na haina kurudi. Mrushaji aliyekuwa mbele yake, Mzee alimwona sawasawa. Mpira uliopanda upande wa kushoto ulimpotea kabisa, kama umemezwa. Kubadilishana nafasi na Mama hakuweza, maana magoti yalishakataa kukimbia.

Akaja kwetu siku moja, akakaa jikoni, akalaza vijiko viwili mezani kama ile mistari.

"Mama Shiku, hii ya kushoto chukua wewe. Mimi nabaki na wakimbiaji. Nani atajua?"

"Dereva wa basi mzima ananiambia nani atajua?"

"Mimi sikugonga hata njiwa, mama."

"Ulikuwa unaona, Mzee."

Alicheka, kisha kile kicheko kikakatika. Akasema wakimtoa pale kiwanjani atakaa kwenye ile nyumba kama kabati, mtu akipita anampangusa vumbi. Alisema hivyo akiangalia vijiko. Mama alifungua bomba, akafunga, halafu akasema haya, sawa.

Walikwenda hivyo majira karibu yote. Mama alikimbia mpaka akawa anarudi nyumbani miguu imevimba, na kesho yake anaenda kuinua wagonjwa. Watu wakaanza kunong'ona kwamba huyu mama anachukua mipira isiyo yake. Ndipo chama cha waamuzi kikamtuma mkaguzi, Dhiren, mtu wa Mombasa, na kiti chake cha kukunja.

"Mzee Balbir, shikamoo," alisema kabla ya mchezo. "Leo naangalia kitu kimoja tu. Nani atoka, nani abaki. Mkinichanganyia, sitakuwa na la kukutetea."

Mzee aliitikia marahaba, akavaa barakoa yake ya chuma. Nilikuwa nimeshika chupa za maji. Niliona mikono yake inatafuta mkanda nyuma ya kichwa, inaukosa, inautafuta tena.

Mchezo ulienda vizuri mpaka karibu na mwisho. Kulikuwa na wakimbiaji wawili, kituo cha kwanza na cha pili. Mpigaji akaupiga juu sana, kushoto, kwenye mstari.

"Natoka!" Mama akageuka, akakimbia.

Mzee alitakiwa kubaki, ndivyo walivyopatana. Lakini Dhiren alikuwa pale anatazama, na kwa kanuni ule mpira ulikuwa wa Mzee. Aling'oa barakoa, akaenda kwa yale magoti yake akifuata mstari, uso juu. "Natoka!" na yeye akasema.

Wote wawili wakavipa vituo mgongo. Mpira ukaanguka, Mama akanyoosha mkono kuelekea kiwanjani: ndani. Nyuma yao mkimbiaji mmoja alifika nyumbani. Wa pili akaja akiteleza, mdakaji akamgusa kwa glavu, vumbi likapanda. Mkimbiaji analia amefika, mdakaji analia amemgusa kabla hajafika. Waamuzi walipogeuka, vumbi lilikuwa limeshatua.

Dhiren akaja taratibu. "Mwatoka nyote wawili. Nyumba mwamwachia nani?"

"Kosa langu," Mama alisema haraka. "Nimechukua mpira usio wangu. Yeye hana kosa."

Niliona Mzee amelishika lile neno la Mama kama mtu anayeshika nguzo ndani ya basi. Na lingeweza kumwokoa.

"Sawa," Dhiren akasema. "Basi Mzee, wewe ulikuwa karibu. Uliangukia ndani au nje?"

Mzee aliangalia nyasi, akamwangalia Mama. Mkono wa Mama ulikuwa umeshashuka.

"Nje," akasema.

Hata wale vijana wa kiti cha akiba, wanaocheka kila kitu, waliangalia viatu vyao.

Dhiren aliinamisha kichwa. "Tangu lini, Mzee?"

Mzee alimshika Mama mkono. "Mama Shiku, mwambie. Mwambie nimalize mechi hii tu. Zimebaki zamu chache. Nitasimama tu, sitoki tena, naapa. Mwambie."

Dhiren alimtazama Mama, akamwachia yeye uamuzi. Mama macho yalikuwa mekundu. Nilidhani atasema ndiyo, kwa sababu sijawahi kumsikia akimnyima mzee yeyote kitu.

"Hapana, Mzee," akasema. "Kuna watoto wa watu wanakimbia hapa. Nipe barakoa."

Akampa. Manahodha walikubaliana yule mkimbiaji wa pili arudi kituo cha tatu, na Mama akasimama nyuma ya mpigaji peke yake, kiwanja chote chake.

Mzee alikuja kukaa kando yangu. Mpira ulipopigwa akaniuliza umeenda wapi, nikamwambia. Ukapigwa tena, nikamwambia. Wa tatu nilipofungua mdomo, akanigusa goti.

"Basi, Shiku," akasema. "Usiniambie."