Nilimpelekea Mchumba Wangu Askari

Wasomaji wenzangu, kosa ni langu. Msimsingizie shetani, wala mwandishi wa kitabu. Mimi ndiye niliyempelekea mchumba wangu askari, na siku hiyo nilikuwa na akili zangu timamu. Au nilidhani hivyo!

Nitaeleza polepole ili mtu asipotee.

Mimi ni fundi cherehani, Kawangware 56, hapa Nairobi. Mteja mmoja aliniachia riwaya ya mapenzi na upelelezi. Ndani yake kuna jambazi mtoro, mpole kama kondoo, na askari kanzu wanaomsaka kila pembe. Mchumba wake anagundua siri, anamchongea kwa polisi, halafu mkuu wa wapelelezi anamwoa msichana huyo! Nililia mpaka nikashona suruali ya bugaluu ya mtu, miguu ikashikana.

Wakati huohuo mama yangu akaja kutoka kwetu Butere kunitembelea. Na wakati huohuo Barasa, mchumba wangu, seremala wa Kibera, akabadilika.

Zamani alikuwa akija kwangu anapiga mluzi. Sasa anasimama mbali, kofia imeshuka mpaka puani, anamuuliza jirani, "Ndani kuna nani?" Akijibiwa, anapotea. Jumamosi moja mimi na mama tulikuwa tunatoka sokoni. Barasa alituona, akaruka mtaro, akajificha nyuma ya magunia ya makaa!

Moyo ukaniambia: mtoro huyo! Jamani, moyo!

Nilikwenda kambi ya chifu. Askari wa zamu alikuwa anatafuna hindi choma.

"Ameiba nini?"

"Bado sijui, afande. Lakini anajificha."

"Dada, Nairobi hii nani hajifichi?"

Nilimng'ang'ania, nikamsimulia riwaya yote, mpaka akavaa kofia yake. Kisha nikafanya upumbavu ulioshinda wote: nilimchukua mama awe shahidi, kwa kuwa naye alimwona mtu akiruka mtaro. Sikumwambia ni nani. Nilisema tu tunakwenda kumtambua mwizi.

Tulifika Soweto West, kule Kibera. Kuona buti tu, wauza pombe ya busaa wakatawanyika na mitungi yao. Barasa peke yake hakukimbia. Alikuwa kifua wazi, kaptula imechanika nyuma, anapiga randa ubavu wa kabati.

"Simama hapo hapo!" afande akafoka.

"Nimesimama, afande."

"Kwa nini unamkwepa huyu dada?"

"Simkwepi yeye. Mamake yuko mjini. Nitakutanaje na mama mkwe na wazee wangu hawajafika kwao? Kwani kwenu hamna adabu?"

Afande akavua kofia. Kumbe naye ni wa kwetu! "Pole sana, ndugu," akasema, akasogea kando. Na mama alikuwa amesimama nyuma yake! Barasa akainua macho, mama akainua yake.

Yarabi! Kwa wasiojua: kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani ovyo, hata mkono hawapeani, sembuse kukutanishwa na kaptula iliyochanika. Mama alipiga yowe, akajifunika leso, akageukia ukuta. Barasa akaingia ndani ya kabati na kuuvuta mlango.

"Barasa, toka," nikambembeleza.

"Ameenda?"

"Bado."

"Basi humu hakuna mtu."

Afande akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Dada, nani alikufundisha kusoma?"

Mama alirudi Butere bila kugusa hata chai yangu. Wazee wa Barasa walikuwa wamejiandaa kuja kwetu kujitambulisha. Sasa wanasema hawakanyagi boma letu mpaka aibu ile isafishwe, na kondoo wa kusafishia nimtafute mimi. Nashona sare za shule mpaka macho yanauma!

Nilipokwenda kumwomba Barasa radhi na kumweleza habari za riwaya, aliniuliza, "Kwani kitabuni yule msichana aliolewa na nani?"

"Na mpelelezi," nikasema kwa sauti ndogo.

"Basi nenda kwa afande."

Afande ana wake wawili. Msiniulize nimejuaje.

Lakini juzi Barasa alipita dukani kwangu kuomba sindano. Seremala wa nini na sindano? Nilimpa nzuri kabisa, na uzi juu.

Dada zangu, someni, kusoma ni kuzuri. Ila mchumba akikukimbia, usikimbilie kwa chifu. Geuka kwanza, utazame unatembea na nani!