Jirani Aliyemsomesha Mulwa

Mulwa Kitavi alikuwa mwaka wa tatu wa uhandisi wa ujenzi, katika chuo kikuu kimoja katikati ya jiji, kitivo chao kilipotangaza kwamba kila mwanafunzi lazima achukue somo moja nje ya fani yake: historia, falsafa au fasihi. Darasa zima lilinung'unika.

"Sasa hii itanisaidia na nini nikiwa saiti?" aliuliza Musili, aliyefanya naye kazi za maabara.

Mulwa alichagua historia kwa sababu tu kipindi chake kiliangukia mchana ambao hakuwa na la kufanya.

Michana kama hiyo ilikuwa mingi. Alikuwa ametoka kwao Mwingi, akapanga chumba Waithaka, pembezoni mwa Nairobi, akitafuta utulivu, na utulivu aliupata hadi ukamchosha. Alipika ugali wa mtu mmoja, akala amesimama kando ya jiko, akasoma, akalala. Kuna Jumamosi zilizopita bila yeye kuongea, isipokuwa kumwambia mwenye duka ampe pakiti ya maziwa. Nyumbani walipopiga simu, aliwaambia yuko sawa, ana marafiki wengi.

Mwalimu wa historia, Daktari Mbaluka, aliwapa kazi moja ya muhula mzima. Kila mtu atafute jirani aliyemzidi umri, asiye wa ukoo wake, amsikilize, kisha aandike alichosikia.

"Mtajengea watu maisha yenu yote," aliwaambia. "Nataka mkae na mmoja kabla hamjaanza."

Mulwa alirudi Waithaka akiwaza. Katika ploti yao ya vyumba vya kupanga hakumjua mtu hata mmoja kwa jina. Mzee pekee aliyemkumbuka ni bibi wa chumba cha pili, aliyejifunga leso, ambaye walizoea kuinuliana mkono tu. Jumapili alasiri alibisha mlango wake.

"Shikamoo, bibi. Mimi ni Mulwa, wa hapo mwisho. Nasoma chuo, na tumepewa kazi ya..."

"Marahaba. Wasoma chuo?" Bibi alizitazama ndevu zake. "Na umri huo?"

Mulwa hakuelewa. Bibi akacheka kidogo, akamweleza kwamba kwao Lamu chuo ni mahali watoto wanapofundishwa Kurani. Yeye mwenyewe, Mwanasha, alisomesha chuo cha wasichana miaka mingi, katika chumba juu ya maduka kule River Road, mjini.

"Haya ingia, mwanachuo."

Mulwa alikuwa ameandika maswali kwenye simu. Alizaliwa wapi, alikuja Nairobi lini, alifanya kazi gani. Mwanasha alijibu kila swali kwa neno moja au mawili, kisha akachoka.

"Waniuliza kama karani wa sensa. Weka simu chini unywe kahawa." Alimmiminia. "Wewe hula na nani?"

"Nakula peke yangu, bibi."

"Na mimi," alisema Mwanasha.

Wakanywa kahawa.

Baada ya hapo Mulwa alikwenda kila Jumapili, na hadithi ikatoka yenyewe, kipande kipande. Mumewe, Abdalla, aliyekuwa na duka la vitambaa, aliugua akafa. Wasichana aliowasomesha waliolewa wakatawanyika. Kisha nyumba ile ya River Road ikauzwa, ikabomolewa, na chuo kikaishia hapo. Alihamia Waithaka kwa bintiye, Nisreen, lakini Nisreen naye akapata kazi Doha.

"Watu wa hapa ni wema," alisema. "Wanisalimu vizuri sana. Ila salamu huisha upesi."

Mulwa alilijua jengo jipya lililosimama mahali pa nyumba ile ya River Road. Darasa lao liliwahi kupelekwa kulitazama, na yeye alizisifu nguzo zake katika ripoti. Hakuwahi kujiuliza nani alikuwa pale kabla ya nguzo.

Alipomaliza kuandika, alimsomea Mwanasha. Bibi alisikiliza amefumba macho, halafu akamkatiza.

"Hapo si kweli. Umesema nilikuwa jasiri."

"Lakini ulibaki Nairobi, bibi."

"Nilibaki kwa kuwa sikuwa na pa kwenda. Andika hivyo."

Akaandika hivyo. Daktari Mbaluka alipomrudishia kazi alimuuliza jambo moja tu, kama bado anakwenda kwa yule bibi. Mulwa akasema bado.

Mwisho wa mwaka Nisreen alirudi akamchukua mama yake kwenda Lamu. Mulwa aliwabebea mizigo hadi kwenye teksi.

"Usisimame hapa kutazama gari," Mwanasha alimwambia. "Nenda kale."

Alisimama hata hivyo, mpaka gari likapinda kona.

Mwaka uliofuata kitivo kililifanya somo la nje kuwa la hiari, na wenzake wakaliacha. Mulwa akachukua falsafa. Alikuwa mhandisi peke yake katika ukumbi ule, miongoni mwa watu waliokwisha kuzoeana. Alipenda aliyoyasikia humo, lakini akitoka hakuwa na wa kumsimulia.

"Kwani unataka kuwa injinia ama pasta?" Musili alimuuliza.

"Injinia," alijibu. Alitaka kuongeza neno, lakini Musili alikuwa ameshaanza kushuka ngazi.

Siku hizi Mulwa ameajiriwa na kampuni ya ujenzi mjini, na bado anaishi Waithaka. Akitumwa kupima nyumba kuukuu, huwauliza waliomo wamekaa hapo tangu lini, na wakimkaribisha huketi. Bosi wake hulalamika kwamba anachelewa. Jumapili hupiga simu Lamu. Kuna siku Mwanasha hupokea na wakazungumza hadi chaji ikaisha. Siku nyingine hupokea Nisreen na kusema mama amelala, na Mulwa huacha salamu, akakata simu, akainuka kubandika maji ya ugali.