Baba Anataka Kunipeleka Kanisani kwa Gari Lililooza Sakafu

Habari zenu ndugu zangu. Admin, naomba unisitiri jina, ingawa hapa Nachingwea nikilitaja hilo gari tu watu watajua ni kwetu. Mimi ni binti wa miaka ishirini na tisa, mwalimu wa shule ya msingi, na mtoto pekee wa kike kwa wazazi wangu. Jumamosi ijayo nafunga ndoa kanisani Ruangwa, kwao mchumba wangu. Badala ya kufurahi, chakula hakipiti, na chanzo chake ni gari.

Baba yangu ni dereva mstaafu. Ana Pijo ya zamani, ile ndefu yenye viti vya nyuma vya ziada, aliyoinunua kabla sijazaliwa. Mama aliposhikwa na uchungu wa kunizaa alipelekwa hospitali na gari hilo hilo, na Baba hachoki kusimulia hilo. Tangu niko mdogo ananiambia, "Siku ya harusi yako dereva ni mimi." Lakini gari lilikaa uani miaka mingi likinyeshewa. Injini aliifufua mwenyewe. Tatizo lilikuwa sakafu. Ukikunja kapeti unakuta bati limeliwa na kutu, unalibandua kwa vidole.

Mchumba wangu, nimwite Fredi, ni fundi wa bodi za magari, ana gereji yake Ruangwa. Alijitolea kubadilisha sakafu yote kama zawadi kwa mkwe wake. Akaja na mashine zake, akatoa viti, akaanza kukata bati bovu. Alinieleza kwamba bati jipya halishiki juu ya kutu, lazima ukate mpaka ukutane na bati zima ndipo uchomelee. Akakata, akakata, kila akidhani amefika kwenye bati zima kumbe bado, mpaka pale viti vinapofungwa. Baba alipotoka ndani akachungulia akaona udongo wa uani kupitia kwenye gari lake. Uso ulimbadilika.

"Nimekupa gari ulitengeneze, wewe unalichinja?"

Fredi akamjibu kwa adabu, "Mzee, naomba univumilie. Huku chini kumeoza kuliko tulivyodhani. Kiti chako hakikuwa kimeshikwa na kitu."

"Gari hili nimeliendesha wewe hujazaliwa. Kusanya vyuma vyako."

Fredi alikusanya, akaniaga kwa macho tu, akaondoka.

Siku chache baadaye mimi na Mama tulikwenda shamba, Mtua, kuvuna mbaazi. Tuliporudi tukakuta gari lina sakafu. Baba alikuwa ameita fundi mwingine, kazi imekwisha siku hiyo hiyo, chini kumepakwa lami nyeusi inang'aa, juu kapeti jipya. Baba alikuwa anacheka peke yake. Na mimi nilifurahi, nikampiga picha nikamtumia Fredi. Akaniambia nikunje kapeti pembeni nipige tena. Nilipotuma, simu iliita papo hapo.

"Wamelaza bati juu ya kutu," alisema. "Gari likiingia shimoni na watu ndani, kiti kinaweza kuzama na mtu wake. Usipande. Mkija nalo nitawasimamisha njiani, hata kama wazee wote wanaangalia."

Nilimweleza Baba taratibu, nikiwa nimempigia magoti. Hakunigombeza, na hilo ndilo liliniumiza zaidi. Alisema, "Hajakuoa bado, tayari humwamini baba yako. Usipopanda gari langu mimi harusini siendi. Akutoe yeye mwenyewe."

Jana Baba alimchukua Mama wakaenda kulijaribu gari barabarani. Walirudi polepole, Mama akapitiliza ndani akichechemea. Nilimfuata chumbani akapandisha kitenge. Mguu ulikuwa umefungwa kanga iliyolowa damu, na chini yake kidonda kirefu kutoka kifundoni kwenda juu. Walipovuka korongo bati lilifunguka chini ya miguu yake, mguu ukazama, ncha za bati zikamchana.

"Baba yako alisimamisha gari akalia," Mama aliniambia. "Sijawahi kumwona analia. Ameniapisha nisiseme. Na wewe nyamaza mwanangu, fundi atakuja kurudishia. Ukimwaibisha mbele ya wakwe hatainuka tena."

Nilimpeleka zahanati akachomwe sindano ya pepopunda. Nesi alipouliza, Mama akasema amechanwa na bati shambani. Mimi nimesimama pale, nikanyamaza.

Leo asubuhi yule fundi amekuja, akachomelea kipande kingine juu ya kile kilichofunguka, akaondoka kabla chai haijachemka. Baba akasema akimaliza kuoga anakwenda Malolo kumchukua Bibi, mama yake mzazi, aje kwa ajili ya harusi. Bibi hawezi kutembea bila kushikwa. Ndiye atakayekaa pale mbele, alipokaa Mama.

Ndugu zangu, nimeuchukua ufunguo mezani. Ninao mkononi nikiandika haya, nimejifungia chumbani. Fredi hajui habari ya mguu wa Mama. Nikimwambia, najua hatakaa tena meza moja na Baba, na harusi itaingia doa ambalo sitalifuta. Nikinyamaza, Bibi anapanda leo, na Jumamosi tunapanda wote. Na huyo Baba ninayemficha ufunguo ndiye aliyenilea nikamwona hakosei kitu.

Namsikia uani anamuuliza Mama ufunguo uko wapi. Mama anasema hajui. Sasa ananiita mimi. Ninyi mliowahi kusimama kati ya mzazi na mchumba, naomba mnijibu haraka: nikifungua huu mlango, nimwambie nini Baba yangu?