Jumba la Madirisha na Moto wa Bibi

Walisema sitavuka darasa la nne. Walisema mtoto aliyekulia kwenye moshi wa furu, wale samaki wadogo wa ziwani, hatavaa viatu vya kamba, na kwamba nikirudi ghubani kwetu siku moja nitarudi nimebeba jembe la mtu mwingine. Mmoja wao, mtu mzima na heshima zake, alitamka mbele ya watu kwamba mjukuu wa yule kikongwe akipata cheti cha aina yoyote, yeye atakitafuna bila chumvi. Basi, rafiki yangu, stashahada yangu ya upimaji ardhi ninayo. Ina muhuri, iko kwenye fremu ya mninga ukutani kwangu, na nilijisomesha mwenyewe, likizo baada ya likizo, nikipakia marobota ya pamba stesheni ya Shinyanga. Siku niliyorudi nilishuka kwenye lori nimevaa suti ya kijivu, darubini yangu ya kupimia ikiwa ndani ya sanduku lake la mbao, na watoto wakanifuata wakidhani ni bwana shauri mpya.

Nilikwenda moja kwa moja ufukweni. Jumba halikuwapo. Palikuwa na maji yaliyotulia, na katikati ya maji bomba la moshi la matofali, limekaliwa na ndege wawili aina ya mnandi wakianika mabawa. Kitu cha kwanza kilichonijia pale ni harufu ya samaki wa kubanikwa, na kikohozi cha bibi yangu.

Acha nikueleze lilivyokuwa, maana vijana wa Geita wa sasa hawaamini kwamba upande wetu wa ziwa kulikuwa na kitu cha namna ile. Lilikuwa na madirisha thelathini na mawili. Niliyahesabu kwa punje za mahindi kabla sijajua kusoma. Watu waliliita Jumba la Madirisha, na wavuvi waliotoka visiwani walilitumia kuelekeza mitumbwi yao, kwa sababu asubuhi jua lilipogonga vile vioo ungeona mwanga wake kabla hujaona nchi kavu.

Alilijenga Mzungu wa mgodini, kabla ya vita. Hakutaka kukaa na wenzake kule juu penye vumbi la kusagia mawe, alitaka kuona maji akinywa chai. Akafyeka matete yote ya ufukwe, akasawazisha ardhi, akajenga karibu na maji kiasi kwamba mtu aliyekaa barazani angeweza kutupa ganda la chungwa likaelea.

Mimi na bibi, aliyenilea tangu mama alipofariki, tuliishi mteremkoni juu ya jumba hilo. Bibi alibanika furu na sato na kuwauzia wafanyakazi wa mgodi. Kazi yangu ilikuwa kuleta kuni na mavi ya ng'ombe makavu, kugeuza samaki, na kufukuza paka. Asubuhi tulikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga, tukiwa na kiti kimoja cha miguu mitatu, yeye juu, mimi chini. Moshi ulikuwa umemfanya awe na macho mekundu sana. Kwetu Usukumani macho mekundu ya mwanamke mzee si jambo la mzaha, huweza kumpa jina la mchawi, lakini wakati huo nilidhani mabibi wote wako hivyo.

Katika shamba letu la mihogo, jembe lilipoingia kiasi cha shubiri moja, lilifukua makombe ya konokono. Yalikuwa meupe, madogo kama kucha, yamepangana mstari mrefu kukata mteremko mzima, hatua mia mbili kutoka majini. Tuliyaponda tukawapa kuku ili mayai yao yawe na ganda gumu. Bibi alikuwa akiyatazama kiganjani kila mara kana kwamba ameyaona leo.

"Konokono wa ziwani hapandi mlima," alisema. "Maji ndiyo yalimleta huku. Na maji hayasahau njia."

Alikwenda kumweleza Mzungu, kupitia mpishi wake. Mzungu akampa sukari pakiti moja na kumwambia mpishi amjibu mama huyu kwamba ziwa limepimwa na lina mwisho wake. Tulikunywa uji wenye sukari wiki nzima. Lakini mpishi alianza kutusimulia mambo. Vyura bafuni. Mstari wa unyevu ukutani, unaopanda kila mwezi kidogo, kama mtu anayejaribu kusimama. Vita vilipoondoa watu wengi mgodini, mke wa Mzungu alikuwa kitandani na homa, na kabla ya mvua kwisha alizikwa nyuma ya jumba. Mzungu alifunga madirisha yote thelathini na mawili, moja moja, mchana kutwa, nasi tukitazama. Hakurudi tena.

Akaja Mhindi mwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Jumba likajaa watu, na jioni harufu ya vitunguu na manjano ilipanda mpaka kwetu ikashindana na furu wetu. Huyu alichimba ghala chini ya sakafu. Mvua za pili zilipokuja, wapagazi walifungua mlango wa ghala wakakuta magunia yanaelea. Mbegu za pamba zilioza humo, na kwa mwezi mzima kijiji kilinuka kama mzoga. Mkewe alitundika ndimu na pilipili juu ya kila mlango, kinga ya kijicho. Wakaondoka kwa malori mawili, na yule mama hakugeuza shingo.

Sasa watu walianza kunong'ona kwamba jumba lina mwenyewe. Ungedhani hakuna atakayelitaka tena. Lakini akatokea tajiri, na safari hii alikuwa mwenzetu, Msukuma aliyepata dhahabu Nyarugusu na kuigeuza kuwa ng'ombe na duka. Mtu mweusi kulala ndani ya Jumba la Madirisha! Tulikula nyama siku tatu. Bibi yangu mwenyewe alipiga vigelegele. Tajiri alifungua duka barazani, chumvi, mafuta ya taa, viberiti, kanga, na kwa mara ya kwanza sisi watoto tulipanda zile ngazi bila kufukuzwa.

Mwanawe wa kiume tulikuwa naye darasa moja. Alikuwa na viatu, mimi nilikuwa na akili. Siku moja baada ya mimi kupata hesabu zote naye kukosa zote, alinisubiri nje na wenzake.

"Wewe furu," akaniambia, "hata daftari lako linanuka. Bibi yako anakubanika na wewe?"

Wakacheka. Nikamwambia bibi yangu anajua jambo ambalo baba yake hajui, kwamba maji yataingia nyumbani kwao mpaka kwenye vitanda.

"Ameyaambia yaje? Bibi yako ndiye mama wa maji?"

Ningeweza kunyamaza. Lakini walikuwa wanacheka bado, na mimi tangu utotoni sijui kushindwa. Nikasema, "Ndiyo. Na siku anaijua."

Bibi hakuwahi kusema hivyo. Hilo la siku nililiongeza mimi.

Masika ya mwaka ule mvua haikupumzika. Usiku tulisikia ziwa likipiga ukuta wa jumba. Asubuhi tuliona watumishi wakitoa maji kwa ndoo barazani. Mbu walikuwa wengi kiasi cha kuzima taa. Kisha mtoto mdogo wa tajiri, msichana ambaye hata kutembea alikuwa ndiyo kwanza anaanza, akashikwa na homa, na siku ya nne akafa.

Tajiri hakumtafuta fundi. Alimtafuta mganga. Mganga akauliza swali moja tu: nani alijua kabla? Mwana wa tajiri akamjibu kwamba ni bibi yangu.

Waliitisha baraza kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu chini ya mtemi. Nilikwenda nimemshika bibi mkono. Tajiri alikuwa ameketi, amefungwa kitambaa cha msiba, macho yake mekundu kuliko ya bibi. Hakupiga kelele. Nadhani kama angepiga kelele nisingeogopa vile.

"Ulisema maji yatakuja nyumbani kwangu?" akauliza.

"Nilisema," bibi akajibu.

"Ulijuaje?"

Bibi akafungua fundo la kanga, akamwaga makombe kiganjani, akanyoosha mkono ili wayaone. Watu wote wa kijiji walikuwa pale, wake kwa waume, wenye mashamba mteremko ule ule. Hakuna aliyesogea hata kuyatazama. Mwanangwa akauliza kuhusu ile siku, kwamba mjukuu wake amesema anaijua. Bibi akanitazama. Mimi nikainamisha macho kwenye yale makombe kiganjani mwake. Akageuka akawaambia, "Mtoto amesema kweli. Mimi ndiye niliyemwambia."

Hukumu ilitangazwa na nsumba ntale, kiongozi wa vijana: tunyimwe moto. Wewe uliyezoea kiberiti mfukoni huenda usione uzito wake. Kwetu moto wa asubuhi uliazimwa kwa jirani, kaa moja juu ya kigae. Anayenyimwa moto hanyimwi kaa tu. Hasalimiwi, hachoti maji na wenzake, hauziwi kitu, akifa hazikwi na watu. Na anayempa naye ananyimwa. Viberiti vilikuwa dukani, na duka lilikuwa la nani? Samaki wetu wakaoza. Tulikula mihogo mibichi. Bibi alikaa kwenye kiti chake cha miguu mitatu akitazama mafiga yaliyopoa.

Siku ya tatu nilikuta kwenye mpaka wa shamba chungu kilichovunjika, ndani yake kipande cha mavi ya ng'ombe kikiungua taratibu, bila moshi, kama yanavyoungua. Nikainua macho. Jirani yetu, mwanamke aliyekuwa na watoto watano wa kulisha, alikuwa amenipa mgongo, analima. Kila asubuhi kwa majuma mawili chungu kile kilikuwa pale, na kila asubuhi alikuwa amenipa mgongo.

Kisha vijana wakaja na marungu, wakasema siku ya gulio isipite tukiwa bado pale. Mwalimu wangu alipita njia ya shambani kwetu, akaniachia kitabu chake cha hesabu. Alisema ananiazima, nitakirudisha nikikimaliza. Mchonga mitumbwi wa pale alikwenda gulioni na watu wote, lakini aliuacha mtumbwi wake na kafi ndani, kitu ambacho hakuna mwenye mtumbwi anayekifanya. Tukavuka ghuba saa sita mchana, jua la utosi, ziwa halina hata kiwimbi. Tulipita mbele ya jumba. Kwenye dirisha la juu mama wa yule mtoto aliyekufa alikuwa amesimama. Alitutazama mpaka tulipokuwa mbali, na hakumwita mtu.

Bibi aliishi miaka michache ng'ambo kwa kaka yake. Hakunilaumu hata siku moja, na mimi sikuungama. Alifariki nikiwa shuleni Shinyanga. Ziwa lenyewe lilisubiri. Lilikuja kweli kwenye mvua kubwa za mwaka wa uhuru na ule uliofuata, likapanda likapita vitanda, likapita madirisha ya chini, kuta zikabomoka zikazama. Tajiri alitoka na godoro kichwani. Nasikia alifia Isaka, mlinzi wa ghala la mtu.

Basi siku ile niliporudi nilifungua darubini yangu na kupima. Ukingo wa maji ulikuwa umeacha takataka za matete mteremkoni. Kutoka hapo mpaka mstari wa makombe, kwa kimo, ilikuwa chini ya urefu wa mkono wangu. Niliandika kwenye daftari, nikapiga mstari chini yake. Kisha nikaenda kulipa.

Mwalimu alikuwa mstaafu, haoni vizuri. Nilimrudishia kitabu chake, akakipapasa jalada na kunitaja jina bila kuambiwa. Mchonga mitumbwi alikuwa amefariki, nikampa mwanawe nyavu mpya mbili. Kwa jirani nilipeleka mtamba mweusi, nimemswaga mwenyewe na suti yangu, kijiji kizima kinaona.

"Shikamoo, mayu," nikasema, kama tunavyowaita mama zetu.

"Marahaba. Umekuwa mtu."

Nilimweleza juu ya stashahada, nikamwonyesha daftari. Nilimwambia sasa imethibitika kwa vipimo kwamba bibi alisema kweli, hakuwa mchawi. Alisikiliza huku akimpapasa yule mtamba shingoni.

"Hilo tulilijua, mwanangu."

"Nani?"

"Sote. Mashamba si yalikuwa yale yale? Mimi mwenyewe kuku wangu nililisha hayo hayo makombe."

Nikamuuliza kwa nini basi siku ile ya baraza hakuna aliyesema. Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto aliyekosa hesabu nyepesi.

"Ningesema mimi, wewe ungepata moto wapi?"

Akamfunga mtamba kwenye nguzo, akaingia ndani kusonga ugali, nikala nao. Jioni nikapanda lori la pamba kurudi Geita, juu ya magunia. Hakuna mtu pale ghubani anayenidai tena. Miaka mingi nilikuwa nimejiahidi kwamba siku nikishalipa nitalisema hilo kwa sauti, na nililisema, huku kijiji kikizama kwenye vumbi nyuma yetu. Utingo wa lori akaniuliza kama nimemwita. Nikamwambia hapana.